Mchezaji na Mshahara Wake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekaliwa na wazee:

Kamati ya maandalizi iliniandikia barua kunitaka nizungumze juu ya "Michezo na Maisha". Naomba radhi kwa kuwa kichwa hicho nimekiacha nyumbani. Kichwa namna hiyo humruhusu mtu kusema saa nzima bila kusema kitu. Mimi nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni mchezaji anayedai mshahara wake asiolipwa. Sababu yake ni hii. Asubuhi ya leo Ndugu Mkuu wa Shule amenidokeza kuwa vijana wawili wa hapa wamekwisha kuitwa na timu za ligi kufanya majaribio, na mmoja wao amepewa karatasi ya kutia sahihi. Nikauliza, karatasi hiyo inasema nini? Nikajibiwa kuwa kijana hajui, ila ameambiwa ni mambo ya kawaida.

Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya sabini tulikua na mpira wa namna nyingine. Mwaka 1975 Mseto ya hapa Morogoro ilipochukua ubingwa wa taifa, mimi nilikuwa kidato cha pili, na wapo humu ndani watu wazima wenye wajukuu ambao siku zile waliruka ukuta kwenda mjini kushangilia. Sitawataja, maana wengine sasa wamo katika Bodi ya Shule. Baada ya hapo tukawa na Reli, tukawa na Tumbaku, tukawa na Polisi. Majina hayo peke yake yanaeleza nani alikuwa akilipa. Mchezaji alikuwa mfanyakazi. Nilipoajiriwa kuwa ofisa utumishi katika kiwanda kimoja hapa mjini, niliwakuta kwenye orodha ya mishahara: beki ameandikwa karani wa ghala, kipa ameandikwa mlinzi, mshambuliaji ameandikwa msaidizi wa fundi ingawa spana hakuwa akiijua. Saa moja na nusu wanaingia kazini, saa tatu wako mazoezini. Wafanyakazi wengine walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini mwisho wa mwezi beki yule alisimama kwenye foleni pamoja na wenzake, akatia sahihi, akapokea bahasha yake. Alikuwa na faili. Alikuwa na namba ya NPF. Akivunjika mguu alikuwa bado karani wa ghala.

Sisemi kwamba hali ile ilikuwa pepo. Mshahara ulikuwa mdogo, na sifa zote zilikwenda kwa shirika. Nasema tu kwamba mchezaji alikuwa na mwajiri anayejulikana, na madai yake yalikuwa na mlango wa kubisha. Viwanda vilipofungwa na vingine kuuzwa, timu nyingi zilikufa navyo. Mtibwa kule Turiani ndiyo iliyoendelea kwa mtindo wa timu na kiwanda, ikatwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Kwingine mchezaji akaanza kuitwa "wa kulipwa". Jina likawa kubwa, ila faili likapotea.

Sasa nitawasimulia habari ya mpwa wangu. Jina lake silitaji, wala sitaji klabu.

Ninyi mnaotoka Matombo, Mgeta na Kinole mnajua mjomba ni nani kwetu Waluguru. Mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba kabla hajawa mzigo wa mtu mwingine. Kijana huyu alisoma hapa hapa, akacheza kiwanja hiki mnachokiona dirishani, na msimu wa 2011/12 alisajiliwa na timu moja ya daraja la kwanza mbali na mkoa huu. Walipatana mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi, na ada ya usajili shilingi milioni moja, nusu mkononi na nusu baadaye. Mkataba aliutia sahihi ofisini kwa katibu. Nakala aliambiwa ataletewa.

Miezi ya kwanza alilipwa. Kisha mwezi mmoja ukapita, na wa pili. Akanipigia simu. "Mjomba, huku kumekuwa na ahadi tu. Wenzangu wawili wamerudi kwao. Nifanyeje?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimekaa katika kazi ya utumishi zaidi ya miaka ishirini. Sheria ya kazi nilikuwa naijua. Lakini nilikuwa pia shabiki. Timu ile ilikuwa ya tatu katika kundi lake, na ingeweza kupanda. Nikamjibu, "Subiri, mpwa wangu. Ukidai sasa watasema wewe ndiye uliyewavunja wenzako moyo. Timu ikipanda fedha zitakuja." Naye akasubiri kwa kuwa mjomba amesema. Mwezi uliofuata alipiga tena, nikamjibu yale yale.

Timu haikupanda. Msimu ukaisha, mkataba ukaisha, katibu akabadilishwa, na mfadhili akahamia kwenye mambo mengine. Kijana alikuwa anadai mishahara ya miezi saba, yaani shilingi 1,750,000, na ile nusu ya ada ya usajili, shilingi 500,000. Jumla shilingi 2,250,000. Kwa wengine wenu hapa hiyo ni fedha ya matairi. Kwake ilikuwa kiwanja na bati za nyumba ya mama yake.

Tulipokuja kuamka na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu huiita CMA, ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Safari mbili za basi, na nauli nililipa mimi. Msuluhishi alikuwa mtu mpole. Hakumuuliza kijana alifunga magoli mangapi. Alimuuliza mambo mawili: mkataba uko wapi, na madai haya yalizaliwa lini? Mkataba hatukuwa nao; tulikuwa na hati moja ya benki na ujumbe wa simu. Na kuhusu siku, kanuni za mwaka 2007 zinasema mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine, pamoja na ya mishahara, ndani ya siku 60. Tukaomba kuongezewa muda. Tukaeleza kuwa tulikuwa tukisubiri ahadi za viongozi. Ombi likakataliwa. Kungoja ahadi hakukuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha. Hapo ndipo madai yalipokufa, bila hata mtu mmoja kusema kwamba fedha hazikuwa zake.

Leo kijana analima kabeji na karoti Mgeta, na anaendelea vizuri. Mimi hanilaumu. Dada yangu naye hajaniambia neno hata moja juu ya jambo hilo mpaka leo, na mjomba wa Kiluguru anajua maana ya dada kunyamaza.

Tangu siku ile nimefuatilia kesi za namna hii kuliko ninavyofuatilia msimamo wa ligi. Naomba niwaeleze nilichokiona, kwa sababu mambo haya yana njia zake, na mtu akikosea njia anaweza kupoteza hata kama ana haki.

Chukueni kesi ya Lazarous Kambole, mshambuliaji wa Zambia. Alijiunga na Yanga mwaka 2022, akapelekwa kwa mkopo Wakiso Giants ya Uganda, na mwishowe akafikisha madai yake FIFA. FIFA iliamua alipwe. Malipo yalipochelewa, mwaka 2024 Yanga ikazuiwa kusajili wachezaji. Fikirini jambo hilo: klabu bingwa wa nchi, yenye mashabiki kutoka Ziwa Tanganyika hadi Unguja, imefungiwa dirisha la usajili na mtu mmoja mwenye karatasi zake. Fedha zikalipwa, na zuio likaondolewa.

Kambole hakuwa na nguvu kuliko mpwa wangu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mgeni. Mchezaji wa nchi moja akigombana na klabu ya nchi nyingine juu ya mkataba wa kazi, shauri linaweza kwenda katika baraza la usuluhishi la FIFA, na mchezaji halipishwi ada kufungua shauri hapo. Ana miaka miwili ya kudai tangu jambo lilipotokea. Klabu ikishindwa, inapewa siku 45 kulipa tangu mchezaji alipopeleka namba za akaunti yake. Isipolipa inaweza kuzuiwa kusajili hadi vipindi vitatu vya usajili mfululizo. Na tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zina kifungu kinachosema wazi: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku zisizopungua 15, na zikipita bila kulipwa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Zingatieni neno "kuiandikia". Si kumwambia kocha kwenye basi.

Lakini Mluguru akicheza Singida au Mbeya si mgeni. Shauri lake ni la ndani. Atakwenda kwenye kamati ya TFF inayoshughulika na sheria na hadhi za wachezaji, au atakwenda Tume kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hapa kuna uzushi mmoja ambao viongozi wa klabu wanaupenda sana, kwamba "soka haliendi mahakamani". Ni kweli kwamba FIFA haipendi migogoro ya uchaguzi na ya matokeo kupelekwa katika mahakama za kawaida. Lakini kanuni hizo hizo za FIFA, katika kifungu cha 22, zinaacha wazi haki ya mchezaji kwenda katika mahakama ya kiraia kwa mgogoro wa ajira. Nimewahi kumsomea katibu mmoja kifungu hicho. Akaniambia kitabu changu ni cha zamani. Nilikuwa nimekinunua mwaka huo huo.

Mnaikumbuka kesi ya Feisal Salum. Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga, akaweka katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, yakakataliwa. Watu wakaanza kumchangia fedha ili aende Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, maana huko gharama si za mchezo. Mambo ya ugali na sukari yakawa utani wa nchi nzima, na wengi wenu mlicheka, nami nilicheka. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwakaribisha Yanga Ikulu, akawaambia walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye Azam ikamtangaza kuwa mchezaji wake.

Watu husema Feisal alishinda. Mimi nasema alipona. Kisheria alikuwa amekwisha kushindwa zaidi ya mara moja. Hoja yake haikuwa kwamba hakulipwa. Hoja yake ilikuwa kwamba analipwa kidogo na amejinunua. Hizo ni hoja mbili mbalimbali kabisa, na vijana wengi wanazichanganya. Ukitia sahihi mshahara mdogo, huo ndio mshahara wako mpaka mkataba uishe au mpatane upya. Mtu anayedai kilichoandikwa na hakikulipwa amesimama penye mwamba. Anayedai kilichopaswa kuandikwa amesimama penye tope. Na wala si kila mchezaji atapata Rais wa kumsemea.

Nisije nikasikika kama ninawasema watu wa nyumbani peke yao. Kylian Mbappé alipoondoka Paris Saint-Germain katikati ya mwaka 2024, alidai klabu haijamlipa mishahara ya Aprili, Mei na Juni pamoja na marupurupu, jumla Euro milioni 55. Tajiri anamdai tajiri. Hata mimi nilisema, hawa nao wametukosea nini? Lakini sikilizeni ubishi wenyewe. Klabu ilisema kwamba Agosti 2023 walikwisha kupatana naye kuwa ataziachia fedha hizo. Shauri likapita katika kamati za ligi ya Ufaransa, kisha katika baraza la kazi la Paris, lile lile analokwenda mpishi wa hoteli aliyedhulumiwa mshahara. Desemba 2025 baraza likaamua klabu imlipe kiasi cha Euro milioni 60. Maandishi ya kuthibitisha kuwa ameziachia fedha hayakuonekana. Yeye naye alikuwa ameongeza madai mengine makubwa zaidi, na klabu ikamdai mamia ya mamilioni. Hayo yote yakatupwa. Kilichobaki ni kile kilichoandikwa katika mkataba.

Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka katibu wa klabu ya mpwa wangu, aliyesema kwenye simu, "Sisi na yeye tulielewana." Walielewana wapi? Nani alikuwapo? Hakuna.

Na sheria yetu, ndugu zangu, si dhaifu kama mnavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, malipo kiasi gani, muda gani. Kifungu cha 15 kinasema kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba huo mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wa kwake. Maana yake ni kwamba kukosa nakala hakukumuua mpwa wangu. Ile hati moja ya benki na ule ujumbe wa simu vingetosha kuanzia. Kilichomuua ni siku, na siku zile nilizila mimi.

Lipo jambo linanisumbua zaidi kuliko sheria. Mchezaji anayedai mshahara wake hapa kwetu huonekana msaliti. Mwalimu akidai malimbikizo, tunamwonea huruma. Mfanyakazi wa kiwandani akidai, tunasema ana haki. Lakini winga akidai mshahara wa miezi mitano wiki ya mechi kubwa, sisi tulio jukwaani pale Jamhuri tunamzomea. Mimi nimezomea. Tunasema hana uchungu na timu. Hatuulizi kama yule meneja, yule dereva wa basi na yule mwenye hoteli ya kambi nao wanangoja kwa uchungu huo huo. Aghalabu wao wamekwisha kulipwa, maana dereva asipolipwa basi haliondoki.

Nanyi mliofanikiwa, mlio katika kamati tendaji za klabu (nawaona, msijifiche nyuma ya chupa za maji), msiandike mshahara ambao mnategemea kuulipa kwa mapato ya mlangoni ya mechi ambayo bado haijachezwa. Kama klabu ina laki moja ya kumlipa kijana, andikeni laki moja. Atakataa au atakubali. Kumwandikia laki tano na kumlipa miezi mitatu ni kumkopa bila kumwambia.

Nimalizie na kijana wa ile karatasi. Nimeambiwa hajafika miaka 18. Basi ajue kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa umri huo kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na asikubali kuambiwa vinginevyo na mtu yeyote, hata akiwa amevaa jezi ya timu anayoipenda. Asitie sahihi leo. Aichukue karatasi ile, na kama hana nakala aombe nakala. Kama watakataa kumpa nakala kabla ya sahihi, hilo peke yake limekwisha kumweleza mengi. Aje na mzazi wake, au na mjomba wake. Aanze daftari: tarehe, kiasi alicholipwa, nani amelipa. Na siku mshahara wa kwanza utakapochelewa, ahesabu siku kwenye kalenda.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi amekwisha kuchungulia mara mbili. Baada ya chakula nitakuwa chini ya ule mwembe ulio karibu na bweni la zamani, upande unaotazama mlimani. Nimekuja na miwani yangu na kalamu. Kijana mwenye karatasi anifuate pale, na yule mwenzake pia, hata kama yeye bado hajapewa karatasi yoyote.